MACHO YETU YALIONA NINI?
Neno juu ya mama anayeuawa nyumbani mwake, na swali tunaloogopa kulijibu



Mbele ya kusoma maneno haya, ninawaomba mfungue Biblia katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, mstari wa 1 mpaka wa 9. Someni polepole, kisha mrudi hapa.

Mmeona. Mtu ameuawa, maiti yake imelala shambani, na hakuna anayemjua muuaji. Sisi tungefikiri kwamba mambo yamekwisha: azikwe, watu walie, kila mtu arudi kwake. Mungu hakubali hivyo. Wazee wanatoka, wanapima toka maiti mpaka miji yote iliyo kando. Mji ulio karibu zaidi ndio unaoitwa. Wazee wa mji huo wanashuka bondeni pamoja na ndama ambaye hajafanya kazi, wananawa mikono, na inawapasa kutangaza mambo mawili: kwamba mikono yao haikumwaga damu ile, na kwamba macho yao hayakuona.

Miaka mingi nilisoma sura hii nikitazama mikono tu. Siku hizi neno la macho ndilo linalonisumbua. Kusema mikono yangu ni safi, hiyo ni rahisi. Kusema macho yangu hayakuona, hapo ulimi unakuwa mzito.

Basi swali langu ndilo hili: mama akiuawa na bwana yake ndani ya nyumba, je, deni la damu ni la yule aliyeua peke yake? Na sisi tuliokuwa karibu, tunaokaa upande wa pili wa ukuta, tunaosali naye kila Siku ya Mungu, tunadaiwa nini?

MAMA NILIYEMRUDISHA

Nitaanza na yangu, kwa sababu si vizuri kufundisha toba ya wengine.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja kwangu saa ya jioni. Alikuwa amejifunika kitenge shingoni ingawa joto lilikuwa kali. Aliniambia kwamba bwana yake anamkaba koo. Mimi sikuuliza juu ya shingo. Nilimwuliza kama chakula kilikuwa tayari kwa wakati, na kama alimjibu bwana yake kwa heshima. Kisha tuliomba. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni mwake, nikampa bwana yake mkono, tukala bugali pamoja, nikarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyejenga ndoa upya. Nyuma ya miezi mitatu alikuja tena. Nikamrudisha tena. Mara ya tatu hakupita kwangu. Alichukua watoto usiku, akaenda.

Leo anakaa mji mwingine na anauza samaki wakavu sokoni. Siku tulipokutana alinisalimu vizuri, akaniuliza habari ya watoto wangu. Nikamwuliza mbona hatumwoni tena kanisani. Akajibu bila kasirani: «Baba shemasi, kama ningebaki, mngenizika vizuri sana.» Kisha akaendelea kumhesabia mteja samaki.

Wandugu, alisema kweli. Tungemzika vizuri sana. Ningekuwa wa kwanza kufika kwenye kilio. Ningepanga viti, ningeongoza nyimbo, ningebeba jeneza, na ningewaambia watoto wake kwamba Mungu ndiye aliyeamua. Wala hakuna mtu hata mmoja ambaye angesimama kuniuliza: Shemasi, mama huyu alikuja kwako mara ngapi? Alikuambia nini? Nawe ulifanya nini?

INCHI AMBAMO SWALI HILI LINAULIZWA

Kuna mahali ambapo watu waliamua kwamba swali hili lazima liulizwe. Mwaka 1990, katika mji wa San Francisco, Marekani, mwanamke mmoja aliuawa na bwana yake kisha yeye kutafuta msaada muda mrefu: kwa polisi, kwa tribinali, kwa ofisi hii na ile. Watu wa mji hawakutosheka na kujua nani aliua, kwa maana walimjua. Waliuliza: namna gani mtu aliyepiga hodi kwenye milango mingi hivyo alikufa? Ripoti yao ilitoka mwaka 1991. Ilionyesha kwamba ofisi zote zilikuwa na habari yake, lakini hazikusemezana.

Jimbo la Ontario, katika Kanada, lilianzisha komite ya kazi hiyo mwaka 2003. Uingereza na Wales waliitia ndani ya sheria mwaka 2004, na sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 13 Aprili 2011. Mtu wa miaka 16 ao zaidi akifa kwa sababu ya jeuri, mateso ao kuachwa bila matunzo, na aliyefanya hivyo ni mwenzi wake, mwenzi wake wa zamani, jamaa ao mtu wa nyumba moja naye, uchunguzi unafanywa. Tangu mwaka 2016 wanachunguza pia kifo cha mtu aliyejiua kisha kuteswa nyumbani.

Kazi yao inakwenda hivi. Kunachaguliwa mkubwa wa uchunguzi ambaye hakushiriki katika mambo ya marehemu. Polisi, hospitali, watumishi wa jamii, hata shule ya watoto, kila mmoja anaandika alichojua na alichofanya, tarehe kwa tarehe. Jamaa ya marehemu, rafiki, majirani na wenzake wa kazi wanaalikwa kusema. Majina ya kweli yanafichwa. Maagizo yao yanataka wachunguzi watazame maisha kwa macho ya marehemu mwenyewe. Kisha ripoti inatangazwa ili wengine wajifunze.

Tena tusikie vizuri: uchunguzi huu hautafuti wa kufunga. Kumhukumu muuaji ni kazi ya tribinali. Uchunguzi unatafuta kitu kingine: kifo hiki kingeweza kuzuiwa wapi, ili mama mwingine asife kwa njia ileile?

WALIJIFUNZA NINI?

Kwanza, kifo cha namna hii hakianguki kama radi. Sisi husema: «Kasirani ilimpanda tu, shetani alimwingia.» Mwalimu mmoja wa Uingereza, Mama Jane Monckton Smith, alichunguza mauaji 372 ya wanawake waliouawa na wenzi wao, na mwaka 2019 masomo yake yalitangazwa. Alikuta njia yenye hatua nane, tangu tabia ya mwanaume mbele ya ndoa mpaka siku ya kuua. Katikati ya njia hiyo kuna kutawala: kumkataza mwanamke kutembelea jamaa, kumnyanganya feza, kumfuata kila mahali, kumwuliza alisema na nani. Shetani yupo, sikatai. Lakini huwa anapita barabarani mchana, na majirani wanamwona.

Pili, saa ya kutoka ndiyo saa ya hatari. Komite ya Ontario ilikuta kwamba alama zinazorudi mara nyingi zaidi ni mbili: jeuri ya zamani, na kuachana, ao kuwa karibu kuachana. Basi yule anayeuliza «kwa nini hakuondoka?» hajui anachouliza. Wengi waliuawa kwa sababu waliondoka, ao kwa sababu walisema wataondoka. Na shemasi anayemwambia bwana mahali bibi yake amejificha, akifikiri kwamba anapatanisha, anaweza kuwa amemwonyesha njia muuaji.

Tatu, kukaba koo si ugomvi mdogo. Masomo yaliyofanywa Marekani, yaliyotangazwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba mwanamke aliyekabwa koo na mwenzi wake akapona, hatari yake ya kuuawa naye baadaye inapanda karibu mara saba. Niliposoma neno hili nilikumbuka kitenge kile shingoni, nikaweka karatasi chini.

Inne, kila mtu alikuwa na kipande. Munganga aliona mkono uliovunjika. Mwalimu aliona mtoto anayelala darasani. Jirani alisikia makelele usiku. Dada ya marehemu aliambiwa yote, akaapishwa kunyamaza. Kila mmoja alifikiri kipande chake ni kidogo. Vipande vilikusanywa kisha mazishi.

Tano, na hili ndilo la haya zaidi: kujifunza kunaweza kuwa maneno tu. Kule Uingereza wenyewe wanalalamika kwamba ripoti nyingi, mwaka kwa mwaka, zinarudilia mashauri yaleyale. Wanaandika kwamba wamejifunza, kisha kosa lile linarudi katika mji mwingine. Sisi watu wa kanisa tunajua ugonjwa huu. Mtu anaungama leo, analia, anashukuru, na kesho anarudia zambi ileile. Toba isiyobadilisha mwendo ni kuosha uso tu.

MAJIBU YA WALE WANAOKATAA

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wazungu. Ninajibu: wazee wa Kumbukumbu la Torati hawakuwa wazungu. Hawakuwa na ofisi wala mashini ya kuandika. Walikuwa na kipimo, miguu ya kutembea, na woga wa Mungu. Kitu hicho hakikosekani kwetu kwa sababu ya umaskini. Tena hatari haiko kwa wazungu peke yao. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana karibu 51 100 waliuawa na wenzi wao ao jamaa zao duniani, ni kusema karibu 140 kila siku. Afrika ndiyo iliyopita mabara yote, karibu 21 700.

Wengine watasema: siri ya nyumba ni ya wenyewe. Nami ninapenda kwamba nyumba iwe na siri zake. Lakini tukisikia jirani analia kwamba nyumba inawaka moto, hatusemi moto ni wa wenyewe. Na Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inaagiza Serikali ipigane na jeuri juu ya mwanamke katika maisha ya wazi na vilevile katika maisha ya nyumbani. Sheria imekwisha kuingia ndani ya nyumba. Kanisa lisibaki kwenye kizingiti.

Wengine watasema: mwanaume ni kichwa, na fimbo kidogo inafundisha. Ndugu, kumbuka unamfuata nani. Tarehe 3 Oktoba 1921, katika Thysville, tribinali ya waaskari wa wakoloni ilimhukumu Papa Simon Kimbangu viboko 120 na kifo. Kisha kifo kikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafia gerezani Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Na nani alilishika kundi miaka ile ya mateso? Mama Muilu Marie, bibi yake. Sisi ni watoto wa mtu aliyehukumiwa fimbo bila kosa na wa mama aliyechunga kanisa gizani. Mtu anayejiita mtoto wao anainuaje fimbo juu ya mama? Upendo, Amri na Kazi tunazitaja kila siku. Amri bila Upendo ndiyo ile waliyokuwa nayo askari wa Thysville.

Wengine watasema: Yesu alituagiza kusamehe. Ni kweli. Lakini kusamehe na kurudi chini ya mkono unaokaba si kitu kimoja. Mama anaweza kumsamehe bwana yake akiwa kwa wazazi wake, mlango umefungwa. Msamaha hauna haja ya kulala katika kitanda kimoja na kisu.

Wengine, na hawa ninawasikia zaidi, watasema: tusihukumu. Hapa tusichanganye. Kuhukumu ni kusema wewe ni mbaya, mimi ni mwema. Kuchunguza ni kusema: mimi nilikuwa karibu, nilijua nini? Wazee bondeni hawakumhukumu mtu. Walisimama wenyewe mbele ya Mungu.

MWANAMKE WA KIZINGITINI

Fungueni tena, sasa katika Waamuzi, sura ya 19. Mwanamke alimwacha bwana yake Mlawi, akarudi kwa baba yake Betelehemu. Alikaa miezi mine. Bwana alimfuata kwa maneno matamu. Baba alifurahi, akamkaribisha, wakala na kunywa siku nyingi. Someni vizuri mistari ile yote: wanaume wawili wanakula na kusemezana, na hakuna mahali ambapo mwanamke anaulizwa neno. Kisha anarudishwa. Usiku, katika Gibea, watu wabaya walipozunguka nyumba, bwana yake mwenyewe alimshika akamtoa inje kwao. Asubuhi alikuwa amelala mlangoni, mikono yake juu ya kizingiti.

Ninajiona mimi katika baba yule. Hata bugali tulikula.

Lakini kuna neno lingine, katika sura ya 20, mstari wa 4 mpaka wa 7. Israeli yote inakusanyika na kuuliza namna uovu ule ulivyotokea. Anayejibu ni bwana. Anasema watu wa Gibea walitaka kumwua yeye, na kwamba walimtesa mwanamke mpaka kufa. Hasemi kwamba yeye ndiye aliyemtoa inje. Na hakuna aliyemwuliza zaidi. Watu maelfu na maelfu walikufa katika vita iliyofuata, na neno lile halikuulizwa. Hivi ndivyo inakuwa wakati tunamsikiliza yule tu aliyebaki na mdomo. Marehemu hana mdomo. Kwa hiyo wachunguzi wanaagizwa kutazama kwa macho yake.

Na kwetu? Mama akifa hivi, mara nyingi tunauliza nani alimroga. Ao jamaa mbili zinakaa, zinapatana kwa mbuzi na feza, na neno linafungwa pamoja na kaburi. Ni amani, lakini ni amani juu ya kizingiti chenye damu.

TUFANYE NINI?

Siandiki haya ili tulie tu. Ninaleta mambo machache, kila parokia iyapime pamoja na wakubwa wetu.

1. Mama akija kulalamika, asikilizwe peke yake, na mama shemasi awepo. Tusimwulize mbele ya bwana yake. Mbele yake atasema yote ni mazuri, na tutaamini kwa sababu ni rahisi.

2. Swali la kwanza lisiwe «ulikosa nini?» Liwe: «Leo usiku utakuwa salama?» Tuulize kama alikabwa, kama alitishwa kuuawa, kama kuna silaha, kama anataka kuondoka. Akijibu ndiyo, asirudishwe. Atafutiwe pa kulala, na mahali hapo pasitangazwe, hata katika maombi.

3. Akiwa na jeraha, apelekwe kwa munganga na apate karatasi. Akitaka kwenda polisi ao tribinali, asimzuie mtu kwa jina la kanisa, tena mtu amsindikize.

4. Mwanaume anayepiga asipewe kazi mbele ya kundi mpaka mwendo wake uonekane umegeuka. Machozi si alama ya kutosha. Na tumsaidie kweli, maana wengine wanatisha sababu walikuzwa katika kutishwa. Lakini msaada wake usilipwe na shingo ya bibi yake.

5. Na ikitokea kwamba mmoja wetu amekufa hivi, kisha kilio wazee wakae chini na mtu wa parokia nyingine awaongoze. Kila mmoja aseme alichojua, tangu siku gani, na alichofanya. Bila kelele, bila kutafuta wa kufukuza. Kisha iandikwe jambo moja ao mawili ambayo tutabadilisha, na nyuma ya miezi sita tuulizane kama tuliyabadilisha. Pasipo siku hiyo ya kuulizana, maandiko hayo yatalala katika sanduku.

Ninajua kwamba jambo la tano ni gumu. Mtu atakayesema «alikuja kwangu nikamrudisha» ataona haya mbele ya wenzake. Mimi nimeona haya nikiandika. Lakini haya hii haiui mtu. Nami nilipata neema ambayo wengine hawakuipata: yule niliyemkosea yuko hai, na aliniambia kosa langu kwa mdomo wake mwenyewe. Wengi wataambiwa na kaburi, na kaburi halisemi mpaka watu walio hai wakubali kuuliza.

Basi, mpenzi msomaji, usingoje maiti ndipo upime. Pima leo. Toka mlango wako mpaka mlango wa mama yule unayemfikiri sasa hivi, kuna hatua ngapi? Ikiwa jina lake limekuja moyoni ulipokuwa unasoma, macho yako yamekwisha kuona. Huwezi tena kwenda bondeni kusema hayakuona. Inabaki miguu.

Mungu wa baba zetu atupe macho yasiyogeuka upande, na mikono inayofungua mlango usiku. Amina.